Kabla Hujamtumia Mteja Kiungo

Wakili wa Mtwara mjini anapomtumia mjane wa Msimbati kiungo cha dodoso kwenye simu, huenda mtu wa kwanza kukifungua asiwe mjane. Anaweza kuwa mtoto wake wa kidato cha pili anayesoma haraka kuliko mama, au shemeji mwenye simu ya tachi ambaye namba yake ndiyo iliyoachwa ofisini, au kijana wa steshenari aliyeombwa achapishe "ile fomu ya wakili". Na kama shauri ni la mirathi, shemeji huyohuyo pengine ndiye aliyekalia shamba la mikorosho linalogombaniwa. Kwa dakika chache atakuwa ameyasoma maswali yote na kujua wakili anataka kuthibitisha nini. Hadi jioni ukoo umeshajipanga.

Ofisi za uwakili na za msaada wa kisheria zinazotumia madodoso ya mtandaoni zina sababu nzuri. Mteja wa Kilambo, Mahurunga au Kitaya akiitwa mjini kujibu jina, tarehe na kijiji, anapoteza nauli na siku nzima ya kazi. Mahakama yenyewe ilishahamia mtandaoni: kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki ni za 2018, na mfumo mpya wa kuratibu mashauri ulianza Novemba 2023. Wakili anayefungua shauri Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara akiwa amekaa ofisini kwake Shangani anajua raha ya kutopanga foleni masijala. Kwa hiyo sina ugomvi na dodoso la mtandaoni. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuichukua fomu nzima ya karatasi, kurasa nne, na maswali yake yote ya siri, kuimwaga kwenye Google Forms na kuirusha WhatsApp.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao. Kiungo kibebe maswali machache ambayo hata yakisomwa na mtu mwingine hayatamuumiza mteja. Yanayoweza kumuumiza yabaki yakiulizwa ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa.

Sheria nayo inaelekea hukohuko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume, akusanye kwa lengo linalojulikana, na asikusanye zaidi ya kile lengo hilo linachohitaji. Ukisoma orodha ya taarifa inazoziita nyeti utadhani ilinakiliwa kutoka kwenye kabati la majalada la wakili: afya, dini, taarifa za watoto, makosa ya jinai, miamala ya fedha ya mtu, mahusiano ya kimapenzi. Kuchakata taarifa za namna hii kunataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa katika mazingira ambayo sheria imeyataja. Ofisi ya uwakili haiwezi kusema sheria hii ni ya mabenki na kampuni za simu. Yenyewe inashika taarifa nzito kuliko hao.

Juu ya hiyo kuna siri ya wakili na mteja, ambayo Sheria ya Ushahidi imeilinda tangu 1967. Wakili haruhusiwi kutoa alichoambiwa na mteja katika kazi yake bila ridhaa ya mteja, na katazo hilo linawashika pia makarani na wakalimani wake. Sasa fikiria yule kijana wa steshenari karibu na stendi. Mteja amempa simu, yeye anasoma swali kwa sauti, anasikiliza jibu, anabofya. Nyuma wapo watu wawili wanaosubiri kutoa kopi. Kijana huyu si karani wa wakili, sheria hiyo haimtaji, na anachokisikia anaweza kukisimulia popote. Siri iliyokuwa na kinga ya sheria imemwagika kwenye kaunta, na mteja hajui kwamba imemwagika. Ofisi ndiyo iliyompeleka pale, kwa kumtumia fomu ambayo peke yake asingeweza kuijaza.

Tuchukue mirathi, kwa sababu ndiyo kazi ya kila siku huku, tuone dodoso linavyoweza kugawanywa. Kwenye kiungo weka maswali kama haya: marehemu alikuwa akiishi kijiji gani, alifariki mwezi na mwaka gani, cheti cha kifo kimeshapatikana, ndiyo au bado, kikao cha ukoo kimekaa, ndiyo au bado, aliacha mali za aina gani, na hapo mteja anatia alama tu kwenye nyumba, shamba, mikorosho, chombo cha uvuvi, akaunti ya benki. Usiulize ekari. Usiulize kiasi cha fedha wala benki gani. Malizia na swali la siku na saa anayopenda kupigiwa. Maswali saba au manane yanatosha kumwezesha wakili kujua jalada linaelekea wapi na mteja aje na nyaraka zipi.

Yasiyopanda kwenye kiungo ni haya. Je, yuko mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa? Je, mjane wa pili anatambuliwa na ukoo? Marehemu aliishi kwa kufuata dini au mila, na nani anabisha? Huku Kusini swali hilo la mwisho si dogo. Wamakonde, Wayao na Wamakua wamezoea ukoo kuhesabiwa upande wa mama, na wengi wao ni Waislamu, kwa hiyo mpwa na mtoto wanaweza kusimama mbele ya mahakama moja kila mmoja akiamini haki iko kwake. Jibu la mjane kwa swali kama hilo, likionekana na mtu asiyehusika kabla shauri halijafunguliwa, linaweza kumfukuzisha nyumbani. Aketi mbele ya wakili, aongee, karani aandike.

Namba ya NIDA nayo isiombwe kwenye dodoso, wala picha ya kitambulisho. Namba hiyo inafungamana na usajili wa laini na akaunti ya benki, na picha ikishatumwa WhatsApp hujihifadhi kwenye picha za simu ya aliyetuma na ya aliyepokea. Kitambulisho kije na mwenyewe, kitolewe kopi palepale.

Kabla ya kutuma chochote, piga simu. Ofisi nyingi zinairuka hatua hii kwa kuona inakula muda, lakini nyingine zote zinaitegemea. Watanzania wameshachoshwa na jumbe za "ile pesa itume kwenye namba hii", na mtu mwenye akili zake timamu hafungui kiungo cha namba asiyoijua. Ukimpigia kwanza, akakusikia sauti, kiungo kinakuwa na mwenyewe. Kisha muulize mambo matatu: simu hii unaitumia peke yako? Unaweza kusoma na kujibu mwenyewe bila kusaidiwa? Ungependa nikitume muda gani? Akisema simu ni ya mwanawe, usitume. Mpangie siku ya kuja, au muulize maswali kwa simu wakati yuko peke yake. Akisema kusoma kunamsumbua, vilevile. Mtu mzima wa Naumbu au Msanga Mkuu hatakwambia hivyo waziwazi, atasema miwani imevunjika. Elewa, na usimwaibishe.

Muda nao una hesabu zake. Wakati wa bamvua kina mama wa pwani wako mwambani wanatafuta pweza na chaza, na msimu wa kuokota korosho ukifika mtu yuko shambani tangu alfajiri. Kiungo kinachofika wakati huo kinapokelewa na aliyebaki nyumbani na simu. Tuma mteja akiwa amekaa, na mwambie mapema kwamba kitafungwa kesho yake jioni.

Ujumbe wenyewe uandike hivi: "Shikamoo mama. Ni mimi tuliyeongea asubuhi. Kiungo ni hiki, kina maswali nane. Ukikwama, usimpe mtu, nipigie." Basi. Usitaje talaka, wala marehemu, wala fidia. Na hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Kiungo cha fomu kikitumwa WhatsApp, jina la fomu hujitokeza lenyewe pamoja na ujumbe, na aliyeshika simu analiona bila hata kubofya. Ukiwa umeipa fomu jina "Dodoso la Mteja wa Talaka", umeshatangaza. Ipe jina lisilosema kitu, mathalani "Fomu ya Ofisi" na namba ya jalada. Namba hiyohiyo ndiyo mteja aijaze mahali pa jina lake. Ofisini mnajua namba ni ya nani, na aliyeiokota fomu njiani hajui.

Sasa vifaa. Google Forms ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu ni bure na inafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini, na kwa maswali mepesi niliyoyataja inafaa. Lakini ijue mipaka yake. Haina nywila ya kufungulia fomu: ikiachwa wazi kwa wote, mwenye kiungo ndiye mwenye fomu. Taarifa husafiri zikiwa zimefichwa na huhifadhiwa zikiwa zimefichwa, ila ufunguo uko kwa kampuni, si kwako, na seva ziko nje ya nchi, wakati sheria yetu imeweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje. Ukimtaka mteja apakie picha ya hati, Google itamdai aingie kwanza na akaunti yake ya barua pepe. Hapo ndipo anapoenda steshenari, anafunguliwa akaunti na kijana wa watu, na nywila inabaki kichwani kwa kijana. Usiweke sehemu ya kupakia nyaraka.

Kuna mpangilio mmoja ndani ya fomu hizo unaoruhusu anayejibu kuona muhtasari wa majibu ya wengine. Ukiuacha wazi kwenye fomu inayotumiwa na wateja kadhaa, mteja wa tano anayasoma ya wanne waliomtangulia. Uzime. Kisha jaribu fomu mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuituma, uone mteja anaona nini akimaliza.

Kwa ofisi yenye wateja wengi zaidi, LimeSurvey inaruhusu kila mteja apewe alama yake ya kuingilia, na ikishatumika haifanyi kazi tena. Inahitaji mtu wa kuisimika na kuitunza, na ofisi ya wakili mmoja si lazima ijitwishe. WhatsApp yenyewe imefunga mazungumzo mwisho kwa mwisho tangu 2016, na kwa safari ya ujumbe kati ya simu mbili ni salama kweli. Udhaifu wake unaanza ujumbe ukishafika: simu ya pamoja, nakala zinazohifadhiwa mtandaoni, na tabia ya kumfowadia shangazi aliyeko Dar es Salaam atoe ushauri.

Vijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka, mimi ningeachana na kiungo kabisa. KoboToolbox, ambayo mashirika mengi yanaitumia kukusanya taarifa nchi hizi, inamwezesha msaidizi wa kisheria kupakua dodoso kwenye simu yake mjini, kulijaza na mteja chini ya mwembe bila mtandao, na kulituma akirudi kwenye mnara. Dodoso linaweza kufungwa kwa ufunguo ambao unabaki ofisini, hivyo taarifa zikishakamilishwa kwenye simu haziwezi kusomwa na yeyote asiye na ufunguo huo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria rasmi, wako kwenye jamii na wanaaminiwa. Mpe mafunzo ya siku moja na kiapo cha siri cha maandishi, naye atafanya kazi ambayo kiungo hakiwezi. Faida nyingine ilionekana Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukazorota Tanzania na kwa jirani: dodoso lililokwisha kupakuliwa lingeendelea kujazwa kama kawaida.

Mashauri ya watu wengi yanataka uangalifu wa peke yake. Mkoa huu umeona ardhi ikitwaliwa kwa mtambo wa gesi wa Madimba na bomba lililozinduliwa 2015, na mashauri ya fidia huleta wadai wengi kwa mkupuo. Kishawishi ni kufungua jedwali moja, kulituma kwenye grupu la kijiji, kila mtu ajaze mstari wake. Usifanye hivyo. Mstari wa mtu una ekari zake, idadi ya mikorosho yake na kiasi alichothaminiwa, na jirani akiona tofauti, ugomvi unahamia kati ya wateja wako wenyewe. Kila mdai apewe namba yake na ajaze fomu yake. Zaidi ya hapo, kumbuka Januari na Mei 2013, vurugu za kupinga bomba la gesi zilipoutikisa mji huu na watu wakakamatwa. Dodoso linalouliza "ulikuwa wapi siku ile" ni maelezo yanayoweza kugeuzwa ushahidi dhidi ya aliyeyaandika. Swali la namna hiyo anauliza wakili kwa mdomo, na ni yeye anayeamua kama liandikwe.

Kando ya Ruvuma hatari inaongezeka. Familia nyingi ziko pande zote mbili za mto, na mtu anaweza kuwa na laini ya huku na ya Msumbiji. Baada ya watu wenye silaha kushambulia Kitaya Oktoba 2020 na Palma, upande wa Msumbiji, Machi 2021, wapo waliovuka wakikimbia, na wapo ambao ndugu zao bado wako ng'ambo. Mteja wa aina hiyo usimuulize kwa mtandao majina ya ndugu, njia aliyopita wala mahali anapolala sasa. Baadhi yao wamesoma kwa Kireno na Kimakonde ndicho wanachokizungumza, hivyo dodoso la Kiswahili litajazwa na mtu mwingine tu. Tafuta mkalimani, mfunge kwa kiapo, kaa naye pamoja na mteja.

Lugha ya dodoso, hata kwa Waswahili wenyewe, iwe ya kusemeka. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini Kiswahili cha mahakamani bado kina "mjibu maombi" na "mrufani". Mteja asiyeelewa swali huita msaidizi, na msaidizi ndiye tunayemkwepa. Juu kabisa ya fomu weka ridhaa fupi: "Majibu haya yatasomwa na wakili wako na karani wake tu, kwa ajili ya shauri lako. Yatafutwa mtandaoni tukishayaweka kwenye jalada. Unaweza kukataa swali lolote, na unaweza kuomba kuyaona au kuyasahihisha. Unakubali?" Kisha yafanye hayo uliyoahidi.

Maana majibu yakifika ndipo ofisi nyingi hulala. Fomu imetengenezwa na karani kwa barua pepe yake binafsi; karani akiondoka, anaondoka nayo, pamoja na majibu ya miaka miwili. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alipewa ruhusa ya kuona jedwali, akarudi chuoni, ruhusa ikabaki. Kompyuta ya mapokezi iko wazi mchana kutwa. Fungua akaunti moja ya ofisi, iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na namba inayopokea tarakimu za siri iwe ya wakili, si ya karani. Dodoso likishajibiwa, lichapishwe, liingie kwenye jalada kabatini, lifungwe, lifutwe mtandaoni hadi kwenye pipa la taka. Ikitokea majibu yameonwa na asiyehusika, mwambie mteja siku hiyohiyo ili ajihadhari, na Tume ijulishwe bila kuchelewa, kama sheria inavyotaka. Kunyamaza kwa kuogopa kuharibu jina la ofisi ni kumwacha mteja wako gizani wakati mpinzani wake ana taa.

Nawe mteja una haki ya kuuliza. Ukipata kiungo bila kupigiwa simu, piga namba iliyo kwenye risiti ya ofisi, si ile iliyotuma ujumbe. Uliza nani atayasoma majibu yako na yatakaa wapi. Ukiona swali linakutia wasiwasi, liache wazi, andika "nitasema nikija". Hakuna wakili mwenye haki ya kukukasirikia kwa hilo.

Mawakili na makarani, kabla hamjafunga ofisi leo fungueni kila fomu mliyowahi kuwatumia wateja, tazameni orodha ya wenye ruhusa ya kuona majibu, na mwondoeni kila asiyehusika na shauri.